Mashine ya Espreso na Maji ya Mlima Meru

Miteremko ya Mlima Meru ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazolima kahawa aina ya arabika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya zao hilo imekuwa ikisafirishwa kwenda ng'ambo, na wakulima wengi walioitunza mibuni wakanywa chai. Siku hizi kahawa ya Meru hunywewa pia mjini Arusha penyewe, na mashine ya espreso, ambayo zamani ilionekana katika hoteli kubwa tu, imeingia katika mikahawa midogo na hata majumbani.

Lakini mashine hiyo huharibika, na inapoharibika fundi hukimbilia kitabu cha maelekezo kilichoandikwa ng'ambo. Kitabu hicho, kwa kawaida, humwagiza kabla ya yote aondoe chokaa iliyoganda ndani. Ushauri huo ni wa kweli mahali penye maji ya chokaa. Chini ya Mlima Meru waweza kuwa dawa ya ugonjwa usiokuwapo. Ili kuelewa sababu yake, hatuna budi kuanza na mashine yenyewe, kisha kuyatazama maji yanayotiwa ndani yake. Mwisho wa uchunguzi huo utaonekana kuwa unahusu zaidi ya kikombe cha kahawa.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Espreso ni kahawa inayopatikana kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu yapite katika unga laini wa kahawa ulioshindiliwa. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa mji wa Milan, Italia, alitengeneza mashine iliyotumia kani ya mvuke kwa kazi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia, wa mji huohuo, alitumia springi iliyovutwa kwa mkono wa chuma, na kanieneo ikaongezeka sana. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine iliyosukuma maji kwa pampu ya umeme, na huo ndio mtindo unaofuatwa na mashine nyingi za leo.

Mashine ya nyumbani ina sehemu kuu chache. Kuna tangi la maji baridi, pampu ndogo, boila yenye hita ya umeme, thamostati inayowasha na kuzima hita hiyo, na kichwa cha mashine, mahali ambapo kishikio chenye unga wa kahawa hufungwa. Kati ya kichwa na kishikio kuna gasketi ya mpira inayozuia maji yasivuje. Maji hufika kwenye kahawa yakiwa na joto la kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi, na kanieneo ya karibu mara 9 ya ile ya hewa kwenye usawa wa bahari.

Pampu ya mashine nyingi za nyumbani haina mota inayozunguka. Ndani yake mna koili ya waya na pistoni ya chuma. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 katika kila sekunde, na katika kila mzunguko pistoni huvutwa na sumaku ya koili, kisha springi huirudisha. Kwa hiyo pistoni hupiga mara 50 kwa sekunde, na ndiyo sababu ya mvumo unaosikika.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Mvumo huo ni msaada mkubwa kwa fundi. Pampu ikipiga kelele kubwa ya kugongagonga na maji hayatoki, mara nyingi inavuta hewa: tangi ni tupu, au mpira wa kuvutia maji umechomoka. Pampu ikivuma kwa sauti nzito ya chini na maji hayatoki, kuna kizuizi mbele yake. Huenda kahawa imesagwa laini mno, chujio limeziba, au kuna gamba ndani ya njia ya maji. Ni rahisi kutenganisha sababu hizo. Kishikio kikiondolewa na maji yakatoka vizuri, kosa ni la kahawa na wala si la mashine.

Maji yakivuja pembeni mwa kishikio, kwa kawaida gasketi imechakaa. Mpira unaopashwa joto kila siku hukauka na kuwa mgumu kama kipande cha ubao. Dawa yake ni kuiondoa, kusugua mabaki ya kahawa mahali inapokaa, na kuweka mpya. Kukaza kishikio kwa nguvu zaidi huahirisha tatizo kwa siku chache na huweza kuvunja masikio ya kishikio.

Mashine isiyopata joto kabisa huwa na moja ya kasoro tatu: hita imekatika, thamostati imekufa, au fyuzi ya joto imeungua. Fyuzi ya joto ni kinga. Huungua mara moja tu, wakati boila inapopata moto kupita kiasi, na haijirudishi. Wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya ili mashine iwake tena. Kufanya hivyo ni hatari kubwa, kwani thamostati iliyosababisha joto kuzidi haijatengenezwa, na sasa hakuna kitu kinachoweza kuzuia moto. Fyuzi ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile, na chanzo cha kuungua kwake kitafutwe kwanza. Kazi yote hiyo ifanywe baada ya plagi kuchomolewa na boila kupoa.

Umeme na mwinuko

Mambo mawili humdanganya fundi akadhani mashine ni mbovu. La kwanza ni umeme hafifu. Nguvu ya hita hubadilika kwa kipeo cha pili cha volti. Hita ya wati 1,200 katika volti 230 hutoa karibu wati 820 tu volti zinaposhuka hadi 190. Mashine hiyo itachelewa kupata joto na mvuke wake utakuwa dhaifu, ingawa hakuna kilichoharibika. Kabla ya kununua hita mpya ni vyema volti za nyumba zipimwe.

La pili ni mwinuko. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji katika sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndani ya boila iliyofungwa, pampu inapofanya kazi, maji yanaweza kuzidi joto hilo bila kuchemka kwa sababu ya kanieneo. Yakitoka kichwani bila kahawa ya kuyazuia, hugeuka ghafla kuwa mvuke na kurukaruka. Mashine ileile isingefanya hivyo Dar es Salaam. Huko kurukaruka peke yake si ushahidi kwamba thamostati imeharibika.

Maji ya chokaa na maji ya magadi

Sasa yafikiriwe maji. Mvua inapopita ardhini huyeyusha madini ya miamba inayokutana nayo. Unguja, kwa mfano, imejengwa juu ya mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Maji yake ya visima huwa magumu: yana kalsiamu na bikabonati. Maji hayo yakipashwa joto, kabonati ya kalsiamu hujitenga na kuganda juu ya hita kama gamba jeupe. Gamba hilo huzuia joto lisiingie majini. Hita huwa moto kupita kiasi na mwisho hukatika, na vitundu vyembamba vya vali huziba. Hapo kuondoa chokaa kwa asidi ya limau ni matengenezo ya lazima.

Miamba ya Meru ni ya volkeno, na yenye sodiamu kwa wingi. Maji mengi yanayotoka humo yana bikabonati ya sodiamu na kalsiamu kidogo. Wenyeji huyatambua kwa ladha ya magadi, na maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni mfano wa magadi yaliyokolea. Maji ya namna hiyo hutoa povu la sabuni kwa urahisi na huacha chokaa kidogo ndani ya boila.

Hata hivyo, mashine haisalimiki. Bikabonati ya sodiamu ikipashwa moto hupoteza gesi ya kaboni dioksaidi na kugeuka kabonati, na ualikali wa maji huongezeka. Mashine nyingi za bei nafuu zina boila ya alumini. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksaidi, nao utando huo huyeyuka katika asidi kali na vilevile katika alikali kali. Kwa hiyo boila ya alumini iliyoachwa na maji ya magadi kwa siku nyingi inaweza kuliwa polepole na kuacha unga wa kijivu. Mwenye mashine akiuona unga huo akadhani ni chokaa, kisha akamwaga asidi mara kwa mara, anaongeza mlaji wa pili juu ya wa kwanza. Lililo bora ni kumwaga maji yote mashine isipotumika, na kutia maji mapya kila siku. Aliye na nafasi ya kuchagua na achague boila ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu.

Boila safi si ushahidi wa maji salama

Jambo lenye uzito kuliko yote ni floraidi. Maji mengi ya eneo la Meru yana madini hayo kwa wingi, na madhara yake yanajulikana sana katika sehemu kama Ngarenanyuki na Oldonyosambu: meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na mahali floraidi ilipozidi sana mifupa hupinda au kukakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Kuna uhusiano wa kikemia kati ya floraidi hiyo na boila isiyo na gamba. Floraidi ikikutana na kalsiamu huunda floraidi ya kalsiamu, ambayo ni vigumu sana kuyeyuka. Hujitenga na kubaki katika mwamba na udongo. Kalsiamu ikiwa haba, floraidi hubaki ndani ya maji. Hivyo upungufu uleule unaoiepusha mashine na chokaa ndio unaoruhusu floraidi kuzidi. Anayefungua boila mjini Arusha na kuikuta inang'aa asiseme kwamba maji yake ni mazuri. Huenda mng'ao huo ni onyo.

Wengi huamini kuwa kuchemsha husafisha kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa ajili hiyo ni jambo jema. Lakini floraidi haipandi na mvuke. Ichukuliwe lita moja yenye miligramu 3 za floraidi. Ikichemshwa hadi ibaki nusu lita, zile miligramu 3 zimo zote, na maji sasa yana miligramu 6 kwa lita. Maji ya kikombe cha espreso hupita haraka na hayakolei hivyo. Boila inayotoa mvuke wa kupashia maziwa siku nzima bila kumwagwa hukolea kweli, na maji yake ya moto hayafai kutiwa katika chai ya watoto.

Chujio la kawaida la mchanga au la kitambaa haliondoi floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mashariki ya mji wa Arusha, kimejulikana kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yanapopita kati yake. Mkaa huo huchoka, na sharti ubadilishwe kwa wakati. Maji ya mvua nayo hayana floraidi ya miambani, na yakivunwa kwa usafi hufaa kwa kunywa baada ya kuchemshwa. Fundi akumbuke tu kwamba baadhi ya mashine kubwa hutambua kimo cha maji kwa kupitisha umeme mdogo ndani yake. Maji ya mvua, kwa kuwa na chumvi chache mno, hupitisha umeme kwa shida, na mashine hiyo hudhani boila ni tupu ikaendelea kujaza. Yakichanganywa na maji kidogo ya bomba, hitilafu hiyo huondoka bila kubadilisha kifaa chochote.

Jaribio la darasani

Walimu wa kemia wanaweza kulionyesha jambo hili bila vifaa vya gharama. Lita mbili za maji ya bomba zichemshwe katika chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, wala si sufuria ya alumini, mpaka zikauke. Masalio yakorogwe na vijiko viwili vya maji ya mvua, yaachwe yatulie, kisha maji ya juu yamiminwe katika chombo kingine. Vyote viwili vidondoshewe maji ya limau. Mashapo yakitoa mapovu, ni chokaa. Maji yaliyomiminwa yakitoa mapovu, ni magadi. Mashapo yasiyotoa mapovu huweza kuwa silika ya miamba ya volkeno, ambayo asidi ya limau haiiyeyushi.

Wanafunzi walete maji kutoka kata mbalimbali, kwa kuwa mji hupata maji yake kutoka chemchemi na visima virefu vilivyo mbali mbali, na matokeo hayatalingana. Waelezwe pia mpaka wa jaribio: halionyeshi floraidi. Kwa hiyo sampuli ya maji ya shule ipelekwe maabara ya maji, na jibu libandikwe mahali ambapo wazazi wataliona.

Mashine ya espreso ni kifaa cha anasa, na shule nyingi hazitaiona. Birika la chai liko kila nyumba, na maji yaliyomo ni yaleyale. Atakayejifunza kuuliza ni nini kimeyeyuka katika maji hayo ataitengeneza mashine vizuri zaidi kuliko anayefuata kitabu peke yake, na atajua pia maji ya kumpa mtoto ambaye meno yake bado hayajaota.