Damu Haba, Moyo Mkubwa: Utangulizi

Mtoto mwenye selimundu huishi na himoglobini ya gramu 6 hadi 9 kwa desilita, kwa kuwa chembe zake nyekundu hudumu siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Damu haba hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo moyo husukuma damu nyingi zaidi kila dakika, tangu utotoni, hata akiwa amelala. Ndipo hutanuka. Swali linalotukusanya hapa ni hili: ni lini moyo huo mkubwa bado unamudu kazi yake, na ni lini umeanza kushindwa?

Swali hilo ni la Katumba kama lilivyo la Dar es Salaam. Malaria ndiyo iliyoudumisha urithi wa selimundu Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Katumba, makazi yaliyofunguliwa Mpanda kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, imo katika ukanda wa malaria. Tanzania hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wake tangu 2004, katika mpango ulioanzishwa na Profesa Julie Makani, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo tangu 2015. Zote mbili ziko mbali mno na mama wa Katumba.

Mganga akiweka stetoskopu kifuani mwa mtoto huyu, mara nyingi atasikia mvumo wa damu hiyo nyingi inayopita. Ni rahisi kudhani valvu zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, maana ugonjwa huo nao tunao. Kosa la upande wa pili linanitia hofu zaidi: kijana anatweta akipanda kilima, anaambiwa ni upungufu wa damu tu, kumbe shinikizo limepanda kwenye mishipa ya mapafu. Chembe zinapopasuka humwaga himoglobini, nayo huifyonza naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa. Mishipa hukaza, na upande wa kulia wa moyo huelemewa.

Mwaka 2004 Mark Gladwin na wenzake, Marekani, waliwapima watu wazima wenye selimundu kwa eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, wakakuta takriban theluthi moja wana dalili ya shinikizo hilo, na hao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walipitisha katheta hadi moyoni ili kuhakikisha. Asilimia 6 tu ya wagonjwa wote waliochunguzwa ndio waliothibitika. Shikeni sana matokeo hayo mawili kwa pamoja. Eko inatahadharisha, haitoi hukumu, lakini tahadhari yake si ya kupuuzwa.

Msidhani basi, ninyi wa kliniki za mbali kama Katumba, kwamba pasipo eko hakuna utafiti. James Herrick, aliyeandika habari za ugonjwa huu mara ya kwanza huko Chicago mwaka 1910, alianza na kijana mmoja aliyelalamika kuhema na moyo kwenda mbio. Nanyi mnaweza kuanza hivyo. Mtoto anapokuja kliniki akiwa mzima, pimeni himoglobini, mapigo na oksijeni ya kidoleni, mwandike kwenye kadi yake. Siku atakapoletwa anatweta, mganga wa zamu atalinganisha na namba hizo, wala si na za mtoto asiye na selimundu.