Utangulizi: Nodi Mbili, Namba Moja

Kuna kona ya taaluma ya kompaila ambayo wengi huipita haraka, nami naipenda kuliko zote. Kompaila ikisoma programu hujenga mti wa sintaksia, ambamo kila tamko na kila usemi ni nodi. Mti ukiwa kwenye kumbukumbu, nodi hujulikana kwa anwani yake. Tukitaka kuuandika kwenye faili ili kesho usijengwe upya, anwani hizo hupoteza maana. Ndipo kila nodi hupewa namba, na popote inapotajwa, huandikwa namba hiyo.

Sasa chukua faili mbili, kila moja imehesabu kuanzia 1. Zikipakiwa pamoja, nodi namba 17 ni ipi? Kompaila isiyojihadhari itachukua moja badala ya nyingine, kigeu kivae aina isiyo yake, na programu ianguke mbali kabisa na chanzo cha kosa.

Watahini wa Tanzania walishalitatua tatizo kama hili: namba ya mtahiniwa hutanguliwa na namba ya kituo cha mtihani. Kompaila ya Clang nayo, kwa miaka mingi, ilisogeza namba za kila faili mbele wakati wa kupakia. Mwaka 2024 ikahamia namba za biti 64, nusu moja ikitaja faili na nusu nyingine tamko lililomo. Kompaila ya Rust hutumia hashi ya biti 128, ambayo biti zake 64 hutambulisha kifurushi. Vifurushi viwili vikigongana kwa biti hizo 64, kompaila hukataa kuendelea. Napenda sana ukali huo.

Namba hujirudia hata ndani ya faili moja, pale makro inaponakili tawi la mti pamoja na namba zake. Kwa sababu hiyo nodi za Rust huzaliwa na namba ya muda, na ya kweli hutolewa makro zinapopanuliwa.

Wanafunzi wengi hukimbilia kurekebisha upande wa kusoma: namba ikijirudia, nodi ipewe nyingine. Siafiki. Marejeo yaliyokwisha kuandikwa bado yanataja namba ya zamani, na hakuna awezaye kujua yalikusudia nodi ipi. Dawa iwekwe pale namba inapotolewa.

Kabla ya sura ya kwanza, andika faili mbili zenye tamko mojamoja, uzipakie kwa mpangilio mmoja, kisha kwa mpangilio wa kinyume, ulinganishe miti.