Mtoto wa Mkata Miwa na Somo la Uchumi

Kila mwaka majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo hapa Uganda, nyumba nyingi za mashambani na viwandani huingia katika mzozo ule ule. Mtoto amefaulu, karo imeanza kutafutwa, na sasa lazima achague masomo matatu makuu ya kidato cha tano na cha sita. Mtoto anataka Uchumi. Baba anafoka: "Uchumi utakupa kazi gani? Soma sayansi uwe daktari!"

Wazazi hatuwalaumu. Tangu 2005 Serikali iliamua kuyatanguliza masomo ya sayansi, na nafasi nyingi za kusomeshwa bure chuo kikuu zikaelekezwa huko. Walimu nao wakatengwa: mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, mwenzake wa Historia au Uchumi akaachwa nyuma sana, na Juni mwaka huo walimu wakagoma. Mtoto akimwona mwalimu wake wa Uchumi anakuja na baiskeli iliyochoka, haambiwi na mtu somo lipi lina heshima.

Lakini sisi tuliokwisha kukaa meza moja na waajiri tuna ushahidi mwingine.

Mwaka 2011 tawi letu lilitangaziwa nyongeza ya asilimia 10. Tulipiga makofi. Jioni hiyo binti wa mkata miwa mmoja, aliyekuwa likizo kutoka kidato cha tano, alimwuliza baba yake: "Na bei zimepanda kiasi gani?" Akachukua kalamu. Mshahara wa 200,000 umekuwa 220,000. Lakini Oktoba mwaka ule bei nchini zilikuwa juu kwa kama asilimia 30 kuliko Oktoba iliyotangulia. Basi hizo 220,000 zilinunua vitu ambavyo mwaka uliopita vingenunuliwa kwa kama 169,000. Yaani tulipigia makofi kupunguziwa mshahara.

Shuleni jambo hilo huitwa mshahara halisi, tofauti na mshahara wa kwenye karatasi. Lipo katika somo la Uchumi, pamoja na kima cha chini cha mshahara na kazi ya vyama vya wafanyakazi. Chukueni kima cha chini cha Uganda: kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 fedha ilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya. Aliyesoma Uchumi huuliza kwanza: 6,000 zipi? Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuitia sahihi.

Wenzetu wachuma chai nao huambiwa kila mara kwamba soko limeanguka. Chai ya Uganda huuzwa mnadani Mombasa kwa dola. Dola ikipanda, mwajiri aweza kupata shilingi zaidi hata kama bei ya kilo imeshuka kidogo. Nani kati yetu angemwuliza hivyo, kama hakuna aliyefundishwa?

Hatusemi somo hili halina kasoro. Mara nyingi watoto hukaririshwa faida saba na hasara saba za kila kitu, wakazitapika siku ya mtihani. Wala hatumzuii mwenye kipaji cha udaktari. Tunachokataa ni mtoto anayependa Uchumi kunyang'anywa fomu kwa kuwa baba amesikia ni somo la wavivu.

Yule binti alituanzishia daftari. Kila mwisho wa mwezi tuliandika bei ya sukari, unga, sabuni na mafuta ya taa katika duka lile lile. Mazungumzo yaliyofuata, katibu wa tawi aliliweka mezani kabla ya kusema neno. Mwajiri alilifungua, akalisoma kimya, kisha akaomba apewe nakala.