Kawia ufike: Mzazi ajiandae vipi garimoshi linapochelewa?

Abiria wa matatu akikwama Mtito Andei hushuka, akanunua maji na maziwa ya mtoto. Wa garimoshi hana nafasi hiyo. Likisimama ndani ya mbuga ya Tsavo, kati ya Mtito Andei na Voi, nje hapana duka wala kibanda, na anayethubutu kushuka hujitia katika njia ya ndovu na simba.

Hilo ndilo jambo ambalo wazazi wengi husahau wanapopanga safari ya reli pamoja na watoto wadogo.

Reli ya kisasa (SGR), iliyozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, imepunguza mno muda wa safari. Treni ya zamani ilikesha njiani kati ya Nairobi na Mombasa, na mara nyingine jua la mchana likaikuta bado haijafika. Ya sasa huchukua takriban saa tano. Ile inayosimama katika vituo vya kati kama vile Emali, Kibwezi na Voi huchukua muda zaidi.

Hata hivyo, hesabu ya mzazi haifai kuanzia na kukomea behewani. Stesheni kuu ziko Syokimau na Miritini, mbali na katikati ya miji, na abiria hutakiwa kufika mapema ili mizigo ikaguliwe. Kwa hivyo, safari ya saa tano yaweza kumgharimu mtoto saa nane au tisa, hata kabla ya kucheleweshwa.

Chanzo kikuu cha kuchelewa ni kwamba reli hii, sawa na ile ya zamani, ni ya njia moja. Treni zinazokabiliana haziwezi kupishana popote. Sharti moja iingie njia ya kando stesheni na kusubiri. Ikichelewa moja, hata kama ni ya mizigo, huiambukiza nyingine. Aidha, kichwa cha treni kikiharibika kati ya stesheni mbili, hakuna pa kukipitia.

Mvua nayo ni sababu nyingine. Mnamo Januari 1993, treni ya abiria ilitumbukia mtoni Ngai Ndethya, kwenye reli ya Nairobi na Mombasa, baada ya mafuriko kusomba daraja. Zaidi ya watu 100 waliangamia. Tangu hapo, ni vigumu kumlaumu dereva anayesimama hadi reli ikaguliwe.

Mzazi basi hana mamlaka juu ya saa ya kufika. Alilo nalo ni kikapu chake.

Kanuni rahisi ni kubeba chakula, maji na nepi za kutosha muda wa safari mara mbili. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji wala uji. Anyonyeshwe mara kwa mara zaidi kukiwa na joto, na mama mwenyewe anywe maji mengi. Maziwa ya unga yakorogwe wakati wa kunyweshwa, kwani yaliyokwisha kukorogwa hayafai kukaa zaidi ya saa mbili. Kwa walio wakubwa kidogo, ndizi, mkate mkavu na viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi hiyo ni salama kuliko nyama au mchuzi uliolala.

Muhimu zaidi ni pakiti za ORS. Mtoto akianza kuhara, upungufu wa maji mwilini waweza kumlemea katika muda wa saa chache. Dalili zake ni macho kudidimia, kinywa kukauka, kulia bila machozi na kukaa muda mrefu bila kukojoa. Kwa mchanga, utosi nao hubonyea. Pasipo pakiti, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huyeyushwa katika lita moja ya maji safi, mtoto akanyweshwa kidogo kidogo. Akilegea au kushindwa kunywa, wahudumu waarifiwe mara moja ili msaada uandaliwe katika stesheni inayofuata.

Wahenga walisema kawia ufike. Lakini anayekawia na mtoto mgongoni hana budi kukawia akiwa na maji.