Mtoto mwenye sindromu ya Down ataketi lini, atatembea lini?

Siku ya kliniki, iwe ni Kuresoi, Bahati au Naivasha, wazazi huulizana kwenye benchi kabla ya kuitwa na nesi: wako ameanza kukaa? Kwa mzazi wa mtoto mwenye sindromu ya Down swali hilo huuma. Mtoto wa jirani ana miezi 7 na anaketi bila kushikwa. Wake ana miezi 10 na bado anaegemezwa kwa mto. Wengine huanza kukwepa kliniki ili wasiulizwe tena, na hapo ndipo mtoto anapopoteza zaidi.

Kwanza, hali yenyewe. Mwili wa binadamu hujengwa na seli, na ndani ya kila seli mna kromosomu 46 zinazobeba maelekezo ya ukuaji. Mtoto mwenye sindromu ya Down kwa kawaida ana 47, kwa sababu kromosomu namba 21 imejitokeza mara tatu badala ya mbili. Hali hii ilipewa jina la John Langdon Down, daktari wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959 kupitia kazi ya Jérôme Lejeune na wenzake nchini Ufaransa. Haitokani na laana, wala chakula alichokula mama, wala jembe alilolima akiwa mjamzito. Uwezekano wa kumzaa mtoto wa hali hii huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, hasa baada ya miaka 35, lakini mama wa miaka 22 pia anaweza kumzaa.

Kitabu cha kliniki anachopewa kila mama kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Huko mzazi atasoma kwamba watoto wengi huketi kati ya miezi 5 na 9, na hutembea kati ya miezi 12 na 18. Mtoto mwenye sindromu ya Down hupitia hatua hizo hizo, na mara nyingi kwa mpangilio ule ule, ila muda wake ni mrefu zaidi. Wengi huketi peke yao wakikaribia mwaka mmoja, wengine mapema na wengine baada ya miaka miwili. Kutembea huja kwa wastani wakiwa na miaka miwili na miezi kadhaa, na wapo wanaofika miaka minne. Neno la kwanza linaweza kutoka kabla ya mwaka wa pili au likachelewa hadi wa nne. Kujisaidia chooni bila kukumbushwa huchukua muda zaidi, na mzazi asishangae mtoto akiingia shule ya chekechea bado anajifunza.

Kwa hiyo swali linalomsaidia mzazi si "ana miezi mingapi?" bali "sasa anaweza nini, na kinachofuata ni nini?" Anayeinua kichwa anaandaliwa kugeuka, anayeketi anaandaliwa kujivuta na kusimama.

Sababu kubwa ya kuchelewa ni misuli. Mtoto huyu huzaliwa akiwa na misuli legevu na viungo vinavyopinda kupita kiasi, hata anayembeba huhisi kama atamteleza mikononi. Ndiyo maana kunyonya humchosha, na shingo huchukua muda kukaza. Misuli hii hujengeka kwa mazoezi. Hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru ina wataalamu wa mazoezi ya viungo, na mtoto anaweza kuanza kuonwa akiwa na wiki chache tu. Hakuna haja ya kungoja hadi "achelewe".

Mazoezi mengi hufanyika nyumbani, na hayahitaji vifaa vya kununua. Mtoto alazwe kifudifudi akiwa macho, mara kadhaa kwa siku, leso iliyokunjwa ikiwa chini ya kifua chake, na mzazi alale mbele yake ili amtazame. Anayeketi apewe magunzi ya mahindi ayatie kwenye sufuria na kuyatoa. Vile vigari vya magurudumu vya kumsimamisha mtoto, vinavyouzwa sana mjini, havimfundishi kutembea na vimeangusha watoto wengi.

Jambo linalowaponza wengi ni kusema "ni Down tu" kila mtoto anapokwama. Takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na si zote zinazoonekana siku ya kuzaliwa. Mtoto anayetokwa jasho akinyonya, anayepumua haraka, asiyeongezeka uzito au ambaye midomo yake hugeuka rangi ya samawati, apelekwe hospitali mara moja. Hata asiye na dalili yoyote anastahili kupimwa moyo. Nchini Marekani, mwaka 1983 wastani wa umri wa kuishi wa watu wenye hali hii ulikuwa takriban miaka 25. Leo unakaribia 60, na upasuaji wa moyo utotoni una mchango mkubwa katika hilo.

Masikio nayo hudanganya. Maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio bila usaha kuonekana, mtoto akawa hasikii vizuri, na nyumbani wakadhani ni mzito wa kuelewa. Tezi ya thairoidi shingoni ikizembea, mtoto hupoa, hufunga choo, ngozi hukauka na ukuaji hukwama. Kwa mtoto wa Molo ni rahisi kusingizia baridi ya huko! Kipimo chake ni cha damu, hurudiwa kila mwaka, na dawa yake ipo. Macho pia yapimwe.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri kliniki ijayo: mtoto kupoteza jambo alilokwisha kuliweza, miguu kulegea ghafla au shingo kukaa upande, na mishtuko midogo ya kujikunja inayorudiarudia, hasa katika mwaka wa kwanza.

Kuhusu kusema, mtoto huyu huelewa mengi kabla ya kuweza kutamka. Ishara za mikono za "maji", "nipe" na "basi", zikitumiwa pamoja na neno lenyewe, humpunguzia hasira na hazimzuii kuongea. Wazazi wengi wa Nakuru huambiwa waache Kikuyu au Kikalenjin na wabaki na lugha moja ili wasimchanganye. Tafiti zilizofanywa hazijaonyesha kwamba lugha mbili humdhuru. Nyanya aendelee kuzungumza naye kwa lugha yake.

Kuhusu shule, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kufikia taasisi za elimu. Mlango wa kuingilia ni kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kinachojulikana kama EARC. Vituo hivi vimekuwepo nchini tangu 1984. Mtoto hupimwa uwezo wake, kisha mzazi hushauriwa kama ataingia darasa la kawaida, kitengo maalum au shule maalum. Mzazi hahitaji kungoja mtoto afikishe umri wa shule. Kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni hatua tofauti, inayoanza kwa tathmini ya daktari hospitalini. Mahali pote hapo mzazi aende na kitabu cha kliniki kikiwa na tarehe halisi zilizoandikwa: siku mtoto alipogeuka, siku alipoketi, siku aliposhika kijiko.