Hita ya gari la zamani inapovuja, kazi kubwa ni kufika ilipo

HARUFU tamu isiyoeleweka inatoka wapi, utando wa mafuta unaorejea kwenye kioo cha mbele kila unapofutwa, na zulia lililolowa chini ya dashibodi ni dalili ambazo mwenye gari la zamani hafai kuzipuuza. Mara nyingi huwa ni rejeta ndogo ya hita iliyotoboka.

Rejeta hiyo ni ndugu mdogo wa ile kubwa iliyo mbele ya injini. Maji moto ya injini hupitishwa ndani yake, feni ikapuliza hewa katikati ya mapezi yake, na joto likaingia alipoketi dereva. Kwa hivyo ikivuja, maji yanayopotea ni yale yale yanayoipoza injini. Anayeendelea kuendesha gari hilo huku akijiliwaza kwamba ni zulia tu lililolowa anaweza kujikuta kando ya barabara, moshi ukifuka, na bili ya silinda hedi iliyopinda ikimsubiri.

Kabla ya kulaumu hita, ni vyema kugusa maji hayo. Yale ya kiyoyozi ni maangavu na hayana harufu. Ya injini yaliyochanganywa na kulanti huteleza vidoleni na hunukia utamu. Utamu huo ni wa hatari. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, sumu inayoweza kumuua mtoto au mbwa atakayeilamba sakafuni. Hita isiyotoa joto nayo si lazima iwe imetoboka. Injini ikiwa imepata moto na hita imefunguliwa, mpira mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, huenda njia imeziba, au vali ya kuruhusu maji haifunguki.

Kuna wanaomwaga yai au unga wa pilipili ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Dawa hiyo haichagui tundu, na huweza kuziba hata njia nyembamba zilizokuwa nzima. Njia nyingine ni kuunganisha mipira miwili ya hita ili maji yasiingie ndani kabisa. Kwa mkazi wa Mombasa, huo si ushauri wa kubezwa. Lakini kwa anayeondoka Limuru au Nyahururu alfajiri ya Julai, hita ndiyo inayokausha ukungu wa kioo ili aione barabara.

Rejeta yenyewe ni kifaa kidogo. Jasho liko katika kuifikia. Mfano mzuri ni Mercedes-Benz W123, iliyoundwa Ujerumani kati ya 1975 na 1986 na kufikia takribani magari milioni 2.7. Sanduku la hita limefichwa nyuma ya dashibodi, ambayo sharti ing'olewe kwanza. Fundi mwangalifu huacha injini ipoe, hutenganisha betri, humwaga maji, kisha huipiga picha kila nyaya na kila bomba kabla ya kuligusa, na kulibandika alama. Mipira iliyoganda kwenye rejeta haipaswi kunyongwa kwa nguvu, kwani shingo za rejeta hukatika. Ni heri kuipasua kwa kisu na kununua mingine. Na kwa kuwa dashibodi tayari iko chini, ni ubahili usio na maana kurudisha sponji zilizooza na vipira vilivyochakaa.

Hapo ndipo linapojitokeza suala la ombwe, au vakyumu kama linavyoitwa kwenye gereji. Katika W123 ya dizeli, pampu ya injini hunyonya hewa, na mvuto huo husaidia breki, hufunga milango na, katika baadhi ya magari hayo, husogeza vilango vya hewa ya hita. Ndio pia unaozima injini. Kwa sababu hiyo dereva huweza kuchomoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, kumbe kosa ni kipira kilichopasuka ndani ya mlango wa nyuma. Ikitokea hivyo, chini ya boneti kuna wenzo ulioandikwa STOP. Ukisukumwa, injini hunyamaza.

Kutafuta mvujo kwa kubahatisha ni kupoteza siku. Fundi huanzia kwenye pampu, akaziba matawi yote, kisha akafungua moja baada ya jingine huku akitazama geji. Tawi linaloangusha mshale ndilo lenye ugonjwa. Tawi hilo nalo hupimwa kwa pampu ya mkono, kipande kwa kipande, hadi kwenye kiwambo cha mwisho. Mirija ya plastiki ni nadra kuharibika. Viungo vya mpira ndivyo hukauka na kupasuka. Breki hupimwa kwanza: injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa, kisha mguu ukiwa bado juu yake injini huwashwa. Pedali ikizama kidogo, busta inapata mvuto. Isipozama, gari halipaswi kutoka gereji.

Jambo moja huwapotosha wanaosoma vitabu vilivyoandikwa ng'ambo. Injini nzima ya petroli, ikizunguka polepole bila mzigo, husoma takribani inchi 17 hadi 21 za zebaki katika usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda hupunguza kama inchi moja. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, inchi 12 hadi 15 si ugonjwa, na mwenye gari asiuziwe vipuri kwa sababu ya tarakimu hiyo.

Kazi ikikamilika, maji hujazwa gari likiwa limeinuliwa kidogo mbele na hita imewekwa kwenye joto, ili hewa iliyonaswa itoke. Dashibodi isifungwe siku hiyo. Gari liachwe lilale, na asubuhi, injini ikiwa baridi, kimo cha maji kitazamwe tena na kitambaa kikavu kipitishwe chini ya viungo vipya.