Parramatta, mwenye pikipiki ndiye fundi

Bodaboda wa Kisumu, Mwanza au Goma cheni ikimlegea anajua pa kwenda. Kijiwe cha fundi kipo jirani na stendi, spana ziko chini ya mti, na bei ni ya kuelewana. Akihamia magharibi ya Sydney, ambako Waafrika Mashariki wa Parramatta, Granville na Blacktown si haba, anakuta gereji za miadi zinazotoza kwa saa. Basi wengi huiacha pikipiki ijiendee mpaka ianze kulia yenyewe. Hasara ya bure hiyo, maana kazi nyingi za lazima zinafanyika uani kwa spana mbili tatu na tambara.

Tuanze na cheni, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Zima injini, weka gia huru, kisha ipandishe na kuishusha cheni kwa kidole katikati ya sproketi mbili. Kwa pikipiki nyingi ndogo mchezo wake ni sentimita 2 hadi 3, ila kipimo halisi kimo katika kitabu cha pikipiki yako. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwani cheni haichakai sawasawa, na urekebishe kwa kufuata pale inapokaza zaidi. Ikikazwa mno inakula beringi. Ikilegea inaruka meno, na ikichomoka ukiwa kwenye mwendo wa barabara ya James Ruse Drive inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Ifute kwa mafuta ya taa. Petroli huharibu ringi za mpira zilizo ndani ya cheni za kisasa. Grisi ya cheni ipakwe baada ya safari, cheni ingali na joto, kila kilomita 500 hivi, na mapema zaidi ukinyeshewa. Wapo waliopoteza vidole kwa kufuta cheni huku injini inanguruma na gia imeingia. Hakuna haraka inayostahili bei hiyo.

Kwenye oili ndiko mazoea ya nyumbani yanakodanganya. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ileile ya injini. Ukimimina oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, klachi inateleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili chafu usiimwage mtaroni, maana mitaro ya mvua ya Parramatta hutiririkia mtoni. Itie kwenye dumu uipeleke kituo cha halmashauri cha kupokea taka za majumbani, ambako hulipi kitu.

Anayeanza na asiyetaka mbwembwe aitazame Honda CT110, pikipiki nyekundu ya matarishi wa Australia Post. Ina gia nne bila mkono wa klachi, na cheni yake imefunikwa isipate vumbi. Posta imekuwa ikihamia kwenye vyombo vya umeme vya magurudumu matatu, na zilizotumika zipo sokoni. Mzee yeyote aliyewahi kuendesha Honda 50 ataielewa papo hapo. Ila asiipeleke kwenye barabara ya kasi ya M4.

Pikipiki ikipita miaka 5, kila mwaka lazima ikaguliwe kabla ya kuhuisha usajili. Tairi kipara halipiti: kina cha kashata kisipungue milimita 1.5. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi.

Kuhusu mavazi, sheria ya New South Wales, jimbo lenye Sydney, inalazimisha helmeti peke yake, yenye alama ya AS/NZS 1698 au UNECE 22.05 au 22.06, na mkanda uwe umefungwa. Kuining'iniza kwenye usukani ukisubiri trafiki atokee hakutakufikisha mbali. Mengine umeachiwa mwenyewe, na hapo joto ndilo linalowashinda watu. Tarehe 4 Januari 2020, Penrith, magharibi ya Parramatta, ilifika nyuzi 48.9. Nani atavaa ngozi siku kama hiyo? Mpango wa MotoCAP, ulioanzishwa Septemba 2018, unajibu swali hilo: koti na suruali hupimwa maabara, nyota za kinga zikitolewa mbali na nyota za kuhimili joto. Bei kubwa si dhamana ya nyota nyingi, kwa hiyo angalia matokeo kabla hujatoa pochi. Glavu zisikose, kwa sababu anayeanguka hutanguliza viganja.

Tangu tarehe 20 Desemba 2024 tramu zinapita Church Street ya Parramatta, na reli zikilowa huteleza kama sabuni. Zikate karibu na pembe mraba, bila kushika breki juu yake. Na foleni? Kupenya katikati ya magari yaliyosimama au yanayotambaa kuliruhusiwa tangu Julai 2014, chini ya kilomita 30 kwa saa, kwa mwenye leseni kamili tu. Mwenye kibao cha L cha mwanafunzi, hata kama amebeba abiria miaka kumi Kariakoo, atasubiri nyuma ya basi pamoja na wenzake.